Hodi ya Jichoni

Mboni ya kushoto ya Damas ilipopigwa mwanga, ilifunguka.

Nesi Stela Nibizi alidhani amekosea kubonyeza. Mboni ya mtu, hata ya mtu aliyezimia, ikipigwa mwanga husinyaa. Ikigoma kusinyaa, pengine damu inavuja kichwani, na hapo daktari huitwa mbio. Lakini mboni inayotanuka kwa mwanga hakuwahi kuiona wala kufundishwa. Alikipangusa chombo, akakiweka tena juu ya jicho, akabonyeza. Jicho la kulia likasinyaa vizuri. La kushoto likafunguka tena, polepole, kama mlango unaofunguliwa na mtu anayechungulia kwanza.

Chombo chenyewe kilikuwa na jina refu ambalo hakuna mtu pale hospitali aliyejisumbua nalo. Ni kidude cha kushika mkononi, kina kioo kidogo upande mmoja na kikombe cha mpira upande wa pili. Unafunika jicho la mgonjwa kwa kile kikombe, kinamulika, kisha kinakuonyesha mboni imeitikia mwanga kwa kiasi gani, na kama ya kushoto na ya kulia zinaitikia sawasawa. Wote walikiita kikombe tu. Mgonjwa akiambiwa anakwenda kupimwa kwa kikombe, swali lake la kwanza lilikuwa kama dawa yake ni chungu.

Kwa kuwa mboni hupimwa gizani, hospitali ile ya misheni, iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora kwenye njia ya Ulyankulu, ilikitengea kikombe chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Dirisha lilizibwa kwa nailoni nyeusi. Mlango ulikuwa wa mninga, mzito, na kila masika ulivimba ukakwama. Ukitaka kutoka, ilibidi uusukume kwa bega. Fundi alikuwa ameitwa mara nyingi, na mara zote alisema kesho.

Stela alikuwa na mtindo wake humo ndani. Watu huogopa kufunikwa jicho gizani, kwa hiyo kabla ya kuweka kikombe alisema, "Hodi!" kama anayebisha nyumbani kwa mtu. Mgonjwa alicheka, akajibu, "Karibu!" na jicho la mtu anayecheka halikakamai. Mbinu hiyo hakufundishwa chuoni, aliitoa kwao. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazee waliotoka Burundi na mizigo yao kichwani, na watu wa namna hiyo wanajua thamani ya kuitikiwa mlangoni. Mama yake alizoea kusema kwamba nyumba inayosikia hodi ikanyamaza ina kitu inaficha. Stela naye akamlea hivyo hivyo binti yake wa pekee, Inamahoro, mwenye miaka saba: hodi huitikiwa, mkubwa huamkiwa, na anayekukuta unakula hukaribishwa hata kama sahanini limebaki tonge moja. Mtoto alivishika vyote. Majirani walimsifu mpaka mama mtu akaanza kujisikia.

Sasa huyu Damas alikuwa mrina asali. Kaka yake, Jonasi, alimleta asubuhi kwa pikipiki kutoka porini, kando ya ile njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji, walikopita wapagazi na pembe zao za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Damas alikuwa juu ya mti anatundika mzinga, akaanguka. Hakuwa na jeraha la kutisha. Ila tangu aanguke alikuwa amekodoa macho tu, hasemi, wala hageuki ukimwita.

Mle chumbani walikuwa wao wawili, mlango umefungwa. Stela akainama mara ya tatu na kikombe mkononi. Akasikia harufu ya moshi wa mzinga, nta iliyoungua, na chini yake harufu nyingine ya ngozi iliyolowa.

"Hodi," sauti ikasema.

Haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, yenye adabu, ya mtu aliyechoka na safari. Midomo ya Damas haikutikisika.

"Karibu," akajibu Stela.

Lilimtoka kabla hajafikiri, kama chafya. Alipofumba kinywa ndipo alipojiuliza amemjibu nani, na wakati huo jicho lake la kushoto lilipata ubaridi, ubaridi wa mlango ulioachwa wazi, kisha ukapita.

Kitandani Damas alipepesa macho. "Nesi," akasema kwa sauti kavu, "naomba maji."

Alipompima tena, mboni zake zilikuwa sawasawa kama za mtoto mchanga. Daktari Gerson alikuja, akashangaa, akapongeza. Jonasi alimshika Stela mkono akamwambia ana mkono wa baraka. Mchana Damas alikuwa amekaa wodini anakunywa uji, na Stela alipopita, mgonjwa aliita kwa kunong'ona.

"Nesi, na wewe ulimsikia?"

"Nani?"

"Nilipokuwa juu ya mti nilisikia mtu anapiga hodi ndani ya mzinga. Mzinga mtupu, nesi. Nikajua ni Jonasi ananitania. Nikamwambia karibu." Akaweka kikombe cha uji chini. "Baada ya hapo nikawa niko nyuma. Naona watu kwa mbali, kama kwenye tundu la ufunguo, na mbele yangu amekaa mtu, ananikinga. Napiga kelele, hakuna anayesikia."

Alikuwa akisema hivyo huku akiliangalia jicho la kushoto la Stela. Ghafla akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Nje jua lilimpiga jicho la kushoto kama pilipili. Alirudi chumba cha giza, akajibana kwenye kona, akakiweka kikombe juu ya jicho lake mwenyewe. La kulia lilisinyaa. La kushoto lilifunguka. Akarudia tena na tena, na kila mara lilifunguka, na mara ya mwisho alisikia ndani ya kichwa, nyuma ya sikio, hatua za mtu mwenye mzigo mzito akitembea polepole na kengele ndogo mguuni, kisha mzigo ukatuliwa chini na mtu akashusha pumzi, kama anayeketi baada ya mwendo mrefu.

Stela alijua majini kwa kusikia tu, na mpaka siku hiyo alikuwa akiwacheka wanaoyasimulia. Sasa hakucheka. Aliogopa, na aliona aibu pia, kwa sababu hakuvamiwa, alifungua mwenyewe.

Alirudi nyumbani alasiri. Inamahoro alikuwa ametoka shule, amelala kwenye mkeka kwa joto, kinywa wazi. Stela aliinama kumfuta jasho la shingoni. Hapo ndipo alipojisikia akiinama zaidi ya alivyotaka, mgongo wake ukisukumwa na mtu aliye nyuma yake, uso wake ukashuka mpaka pumzi yake ikatikisa kope za mtoto, na kinywa chake, kinywa kile kile kilichomwimbia mtoto huyu tangu siku aliyozaliwa, kikafunguka bila idhini yake kikasema kwa sauti ya chini ya mwanamume, "Hodi."

Mtoto alikuwa usingizini. Akageuka upande, akakoroma kidogo. Stela alitoka mbio mpaka uani, akajiziba mdomo kwa kanga, akalia bila sauti. Hakuitikia, alijiambia. Hakuitikia, basi yameisha.

Kesho yake alisema kikombe kimeharibika. Daktari Gerson alikibonyeza, kikawaka. "Mbona kizima, dada Stela? Mpime huyu, ana haraka." Alikuwa Tobias, utingo wa lori, aliyegongwa na boriti kichwani. Stela akavaa barakoa mbili, akaingia naye gizani, na Tobias, bila kujua kitu, akauvuta mlango wa mninga ukajikaza kwenye fremu.

"Nesi, unanipima bila kusema hodi?" Tobias alicheka. "Wenzangu wameniambia wewe una hodi yako."

"Nyamaza, kaka. Nakuomba."

"Piga basi hodi, nikuitikie."

Stela alihisi yule wa ndani akisimama. Alisikia magoti ya mgeni yule yakialika, akaisikia kengele, akainusa ile ngozi mbichi na moshi, na ulimi wake ukaanza kupanda kwenye meno wenyewe, "Ho...", akaung'ata, akaung'ata mpaka damu ikajaa mdomoni, akakitupa kikombe akarukia mlango, akausukuma kwa bega, haukwenda, akausukuma tena huku nyuma yake Tobias akiuliza kuna nini, nesi, kuna nini, na gizani mle hakujua tena kama anayesukuma ili atoke ni yeye au ni yule mwingine, wala kama wanasukuma mlango mmoja.

Walikuja kumfungulia kutoka nje. Daktari Gerson alimmulika kwa tochi, uso ukambadilika. "Mboni zako hazilingani. Inabidi uende Mwanza ukapigwe picha ya kichwa. Sasa hivi nenda nyumbani, pumzika."

Nyumbani! Ndiko alikokuwa anakukimbia. Alizunguka mjini mpaka miguu ikaisha nguvu, na kila nyumba aliyoifikiria ilikuwa na mlango, na kila mlango ulitaka hodi, na hodi hakuwa nayo tena. Iliyobaki kinywani mwake ilikuwa ya mtu mwingine. Tabora nzima ilikuwa wazi mbele yake na hakuwa na pa kuingia.

Mwishowe alisimama sokoni, kwenye meza ya Mzee Mfaume. Mzee huyu aliuza miwani ya mitumba, lakini watu wa mjini walijua kwamba baba yake na babu yake walikuwa wakiandika kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji akanywa mgonjwa, na kwamba yeye mwenyewe huandika akiombwa vizuri. Stela alisimama kimya.

"Funika hilo jicho," mzee akasema bila kuinua uso. Alikuwa anapangusa miwani kwa pindo la kanzu.

Stela akafunika. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja bila kupiga hodi. Umefanya vizuri."

"Mimi Mkatoliki, mzee, sijui kama naruhusiwa..."

"Yeye hakuuliza dini yako. Alipiga hodi tu." Akaipangusa miwani ile ile tena. "Wako majini waliokuja na misafara kutoka pwani, wametiwa ndani ya pembe walinde mali. Wenye mali walifia njiani, walinzi wakabaki hawana kwao. Wengine wakawa wezi, wanavunja wanaingia. Huyu wako ana adabu. Ndiyo maana namwogopa."

"Mfukuze, mzee. Nakuomba."

"Aliyevamia ningemfukuza. Kombe lipo, ubani upo. Huyu amekaribishwa kwa kinywa chako, na mgeni wa kukaribishwa hafukuzwi. Huondoka akipata nyumba nyingine ya kumkaribisha." Kwa mara ya kwanza mkono wake ukasimama. "Amekwisha kubisha kwa mtu mwingine?"

"Kwa mwanangu. Lakini alikuwa amelala. Hakuitikia."

Mzee Mfaume aliiweka miwani mezani, taratibu sana.

"Hodi haiozi, mwanangu. Amekwisha kubisha, sasa amesimama. Siku mtoto atakapokuambia karibu, iwe leo, iwe mwakani, ameingia."

"Hata ikipita miaka?"

"Kwenye njia ile amesimama zaidi ya miaka mia. Mpeleke mtoto mbali nawe. Na kabla hujampeleka, mfunze kunyamaza."

Stela alitembea kurudi nyumbani jicho limefunikwa, na njiani akaamua. Basi azeeke na mimi, aliwaza. Nitanyamaza naye, nitalala naye, nitakufa naye, lakini kwa mwanangu hafiki. Jumamosi angempeleka Inamahoro Ulyankulu kwa bibi yake, akakulie huko. Moyo ulimuuma kwa uamuzi ule, lakini miguu ilipata nguvu.

Jioni ile akamketisha mtoto. Aliongea kwa kunong'ona, barakoa usoni.

"Kuanzia leo ukisikia hodi, usiitikie. Usiseme lile neno."

Inamahoro akatoa macho. "Mama, hiyo si adabu mbaya?"

"Mimi ndiye ninayekuambia."

"Hata akija mama Pelagia?"

"Hata akija askofu. Hodi ya mlangoni, ya dirishani, ya uani, hata ukisikia ni sauti yangu. Hodi yoyote, unanyamaza. Umeelewa?"

Mtoto alielewa. Alikuwa mtoto wa kuelewa. Pelagia, jirani yao, alikuja kuomba chumvi, akapiga hodi mpaka koo likamkauka, na ndani Inamahoro alikaa ameshika magoti anaangalia ukuta. "Siku hizi mmekuwa wazungu humu?" Pelagia akauliza, akaondoka akinung'unika. Watoto wenzake walibisha, fundi baiskeli alibisha, katekista alibisha. Nyumba ya Stela Nibizi, iliyosifiwa kwa ukarimu mtaa mzima, ikawa kimya kama kaburi, na watu wakaanza kupita upande wa pili wa njia.

Yule wa ndani naye alitulia. Hakusukuma tena mgongo, hakupandisha ulimi. Usiku Stela alisikia tu pumzi zake, na wakati mwingine kengele, mara moja, mtu anapobadilisha mguu wa kusimamia. Alikuwa anasubiri. Stela alianza kuwa nyuma. Asubuhi aliona mikono yake ikiosha vyombo kwa mbali, akalazimika kuikimbilia mikono yake mwenyewe ili aifikie. Alimkumbuka Damas na lile tundu la ufunguo. Akahesabu kwamba Jumamosi iko karibu, kwamba ataweza.

Ijumaa alikwenda stendi kukata tiketi. Aliporudi ilikuwa saa za chakula cha mchana, jua limesimama wima, na kutoka ndani alisikia harufu ya maharage aliyoyaacha jikoni pamoja na ugali. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Hakubisha. Alikohoa, kama alivyozoea siku zile.

Ndani kimya. Mtoto hakuitikia hata kikohozi. Stela alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Mtoto ameshika, alijisemea, mtoto wangu ameshika. Akasukuma mlango, akaingia.

Inamahoro alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbele yake sahani ya ugali na maharage, tonge mkononi. Hakuna aliyepiga hodi. Hodi yoyote angeinyamazia, kama alivyoambiwa. Lakini hapa amekutwa anakula, na anayekukuta unakula hukaribishwa. Akainua uso, akasogea kando kumpisha mama yake kwenye mkeka, akatabasamu.

"Karibu, mama."

Stela alisikia mzigo ukinyanyuliwa. Alisikia hatua, kengele, hatua, zikimpita taratibu, mtu akimpisha mtu kwenye ukumbi mwembamba, na ubaridi ukatoka jichoni mwake kama ulivyoingia. Mara jua la mlangoni likawa jua la kawaida. Halikuuma. Mikono yake ikawa yake, miguu ikawa yake, aliona kila kitu karibu, maharage, mkeka, kidole cha mtoto chenye ugali, na mwili wake wote, msaliti, ukafurahi kwa kupona.

Inamahoro alilifunika jicho la kushoto kwa kiganja. "Mama," alisema, "mwanga unaniuma."

Stela alianguka magoti. Akatoa simu, akawasha tochi, akakitoa kile kiganja kidogo jichoni. Mboni ya kulia ilisinyaa. Ya kushoto ikafunguka, polepole, ikafunguka, mpaka weupe ukabaki pembeni kama uzi.

"Karibu," akanong'ona Stela, uso wake ukigusa uso wa mtoto. "Karibu, rudi. Karibu kwangu. Karibu, nakuomba, karibu."

Akasubiri asikie hodi. Nje Pelagia alikuwa anatwanga, na kinu kilisikika wazi. Stela akalisema tena lile neno, akalisema mpaka sauti ikakatika, na hakuna aliyebisha.

Inamahoro alimtazama kwa upole kwa jicho moja. Aliinua tonge lake, akalinusa kwanza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, kisha akala.

"Anasema asante, mama," alisema. "Anasema ameshafika."